Maua ya Kwa Binti

Shankri Devi alikuwa na tabia ya kuisema miti yake. Kila asubuhi, akishamaliza kukamua ng'ombe, alipanda ngazi za shamba, matuta yaliyochongwa mlimani, na kikombe cha chai mkononi, na kila mti ulipata neno lake. Huu uliambiwa unakula mbolea ya bure. Ule uliulizwa kama unadhani mwaka huu nao utaishi kwa sifa za mwaka juzi. Mmoja wa pembeni, mkongwe mwenye shina lililopasuka, ulipigwapigwa mgongo tu na kupewa pole. Watu wa Panjali walishamzoea. Walioishi chini ya shamba lake walisema hawahitaji jogoo.

Asubuhi moja ya mwisho wa Machi alipanda akiwa na maneno yake tayari, akafika katikati ya shamba akakosa la kusema. Miti yote ilikuwa imechanua. Si tumba moja moja lenye rangi ya waridi huku na kule, kama ilivyostahili kuwa siku zile. Imechanua yote, kuanzia ngazi ya chini hadi ya juu, na jua lilikuwa halijapasha hata mawe.

"Mnaharakia wapi?" aliuliza mwishowe. "Nani kawaita?"

Kwetu milimani tufaha huchanua Aprili ikiwa imekomaa, au tuseme ndivyo lilivyokuwa likifanya tangu babu zetu walipoanza kulipanda. Siku hizi majira yamekuwa kama mgeni asiye na adabu: haji akitarajiwa, haondoki akiagwa. Ule mwaka theluji ilianguka mara moja tu, ikayeyuka kabla watoto hawajachoka kuichezea, na Machi ilipoingia watu walivua sweta na kuziweka sandukuni kwa furaha. Mimi furaha ile sikuipenda. Mti wa tufaha unataka kulala baridi yake yote, na ukiamshwa kabla ya wakati hauamki vizuri. Shamba la Shankri linatazama jua moja kwa moja, kwa hiyo la kwake ndilo lililoamshwa la kwanza.

Kuchanua mapema peke yake kusingekuwa msiba. Msiba ni kwamba Royal, lile tufaha jekundu linalotulisha sisi wote, halijitoshelezi. Laweza kuchanua likapendeza kuliko bibi harusi na bado lisizae hata tunda moja, mpaka nyuki aliletee chavua ya mti wa aina nyingine. Aina hiyo kwetu ni Golden, tufaha la njano. Na Golden shambani kwa Shankri haikuwepo.

Zamani ilikuwepo. Safu nzima ilipandwa na baba mkwe wake, yule mzee aliyemfundisha kushika mkasi wa kupogolea alipoletwa pale akiwa msichana asiyejua tofauti ya tumba la jani na tumba la ua. Kisha huko sokoni wakaanza kuidharau Golden. Wanunuzi walitaka jekundu, na la njano likaishia kwenye lori la kiwanda cha juisi, likimwagwa kama mchanga. Bonde zima likashika mashoka. Shankri na marehemu mumewe, Durga Das, walizikata zao zote katika majira mamoja ya baridi, wakapanda Royal mahali pake, wakaota moto wa kuni zile na kujiona wajanja. "Mehar Chand jirani yetu anazo," alisema Durga Das. "Nyuki hawajui mipaka." Kila mtu bondeni alikuwa na jirani wa kumtegemea, na hakuna aliyejiuliza itakuwaje na jirani naye akifikiri vivyo hivyo. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Ila kwa miaka mingi pole haikuhitajika, maana Golden za Mehar Chand na Royal za Shankri zilifungua macho pamoja, na matunda yalishika.

Lililomkalisha Shankri juu ya jiwe asubuhi ile lilikuwa ahadi aliyoitoa kwa mdomo wake mwenyewe. Mwaka uliotangulia mvua ya mawe iliyapiga matufaha yakiwa madogo, na kilichosalia hakikufaa hata kwa lori la juisi. Mwanawe Hemant, mwenye kazi yake Shimla mjini, alikuja nyumbani sikukuu ya Diwali akazungumza naye taratibu, kama mtu anavyozungumza na mgonjwa. Shamba likodishwe kwa mkandarasi, alisema, na Mama ahamie mjini, chumba kipo. Shankri siku ile alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa. Akasema, "Nipe mwaka mmoja. Na huo usipozaa, nitakuja." Aliyesema ni Shankri, na Shankri hakuwa mtu wa kula neno lake. Chumba chenyewe alishakiona. Kilikuwa safi, na dirisha lake lilitazama ukuta.

Mehar Chand alimkuta palepale kwenye jiwe. Alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya sufu iliyofifia, binamu wa marehemu, na kwa hiyo shemeji halali wa kutaniwa.

"Shemeji, leo kimya," alisema. "Nikajua umefariki. Nimekuja na machozi tayari."

"Ungefurahi."

"Nifurahi nini, na nani angenitukania miti yangu?" Akainua macho, akaona. "Loo. Hawa wamevaa kabisa."

"Na zako je?"

"Zangu zimelala fofofo. Upande wangu jua linafika likiwa limeshachoka, unajua mwenyewe. Matumba yamejifunga kama ngumi. Labda wiki, labda zaidi."

"Wiki ijayo haya yangu yatakuwa chini."

"Ndiyo hesabu yenyewe," alisema Mehar Chand, na kwa mara ya kwanza hakutania. Kisha akashindwa kujizuia. "Na nyuki uliowakodi kwa yule bwana wa tambarare wanafika kesho kutwa. Watakuja harusini wasimkute bwana harusi."

Walijaribu. Walikata matawi ya Golden za Mehar Chand wakayasimamisha kwenye ndoo za maji jikoni kwa Shankri, karibu na jiko, wakidhani joto litayadanganya. Matumba machache yalifunguka kwa kinyongo, yaliyobaki yalinyauka. Jikoni palinuka maua na moshi, na Shankri akaishia kuyasema matawi pia.

Dawa tunaijua sote. Ukikosa Golden shambani, tafuta palipo na Golden iliyochanua, kata matawi yake, yatie kwenye chupa za maji, tundika chupa zile kwenye Royal zako. Nyuki haulizi kama ua lina mzizi. Kwa hiyo siku ya pili Mehar Chand aliwasha pikapu yake na wakateremka wote wawili, kijiji hadi kijiji, kuelekea huko chini kwenye joto zaidi ambako Golden zingekuwa wazi. Kila mahali walipofika walikuta visiki. "Tulikata," watu waliwaambia, wengine kwa aibu, wengine kwa kucheka. Mzee mmoja aliwaonyesha mti wake pekee, umezeeka upande mmoja, una maua ya kujaza kofia. Walimshukuru wakamwachia.

Wakati wa kurudi Mehar Chand aliendesha mpaka kwenye njia panda ya Serighat. Hapo akapunguza mwendo.

"Kuna mahali hatujapita," alisema, macho yake barabarani.

"Napajua."

"Nilipita wiki iliyopita kupeleka mbolea. Mama mkwe wa Promila hakukata hata mti mmoja. Safu nne. Leo kesho zitakuwa nyeupe."

"Mehar Chand, nimesema napajua. Endesha gari."

Aliendesha gari.

Promila ni binti yake Shankri, aliyeolewa Serighat, na hapo ndipo penye tatizo. Kwetu mzazi hachukui kitu nyumbani kwa binti aliyeolewa. Hali chakula, hanywi maji. Binti hupewa, na mzazi akianza kupokea kutoka kwake watu husema amemuuza. Vijana wanaicheka desturi hii, na wapo wazazi siku hizi wanaokula kwa mabinti zao mpaka wanalegeza mikanda, na mbingu haijaanguka bado. Lakini Shankri alilelewa kwa desturi ile na hakuwahi kuilegeza. Tangu Promila aolewe, wajukuu wakazaliwa wakakua, kila alipokwenda Serighat alifunga mkate wake kwenye kitambaa na kubeba maji yake kwenye chupa. Alikaa barazani, akacheka na watu, akawapakata wajukuu, akala mkate wake, akaondoka. Alijivunia jambo hilo, na alidhani Promila naye analijivunia.

Kulikuwa na jambo la pili, dogo lakini lenye ncha. Mama mkwe wa Promila, Gangi, ndiye mwanamke aliyekataa shoka bondeni lilipokuwa likipita kila shamba. Siku ya harusi, mbele ya wageni, Shankri aliyaita matufaha yake chakula cha ng'ombe. Watu walicheka sana. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, wahenga walisema, na Shankri aliijua methali hiyo, ila siku ile ilikuwa imemtoka.

Kesho yake mizinga ilifika asubuhi na mapema. Nyuki walitoka wakaingia maua ya Shankri kwa bidii ya kusikitisha, kutoka Royal kwenda Royal, wakibeba chavua isiyo na kazi. Chini ya mti mkongwe wa pembeni palikuwa na petali za kwanza juu ya majani. Shankri alizitazama. Akaliona lile dirisha na ule ukuta. Akaingia ndani, akafunga mkate wake, akajaza chupa yake ya maji, akaenda kumgongea Mehar Chand.

"Nakwenda kununua," alimwambia kabla hajaulizwa. "Kununua si kuchukua."

"Mimi nimesema kitu?"

"Uso wako umesema."

Golden za Serighat zilikuwa nyeupe pe, zinavuma nyuki hadi barabarani. Gangi alikuwa barazani anachagua dengu kwenye ungo, mwanamke mkubwa wa mwili, mwenye vidole vyepesi. Alimwona Shankri anashuka, akaziona ndoo tupu nyuma ya gari, akaelewa kila kitu, na hakuacha kuchagua dengu.

"Karibu, mkwe wangu," alisema. "Umekuja kuwaona wajukuu au ng'ombe?"

Shankri alistahili hilo na alilijua. Alikaa. "Nimekuja kununua matawi ya Golden. Taja bei yako."

"Sina duka."

"Mkwe, nasema kweli. Miti yangu imechanua yote, na Golden za jirani zimelala. Nitalipa unachotaka."

"Na mimi nasema kweli. Jana wamekuja watu wawili kutoka ng'ambo ya mto, nimewapa bure. Watu nisiowajua. Leo nimuuzie maua mama wa mke wa mwanangu? Halafu wakisikia watu? Watasema Gangi ana kisasi cha miaka yote hiyo."

"Huna?"

"Ninacho," alisema Gangi, "lakini si cha kuuza maua."

"Bila kulipa siwezi kuchukua. Hapa ni kwa binti yangu."

"Basi na mimi kwa malipo siwezi kutoa. Hapa ni kwangu."

Wakakaa. Wote wawili walikuwa na haki, na ndilo lililoudhi. Nyuki walivuma. Mehar Chand, aliyebaki kando ya gari, aligundua ghafla kwamba tairi lake linahitaji kutazamwa.

Promila akatoka ndani na sinia. Kulikuwa na chai ya mama mkwe wake na ya Mehar Chand, na glasi moja ya maji, ambayo aliiweka mbele ya mama yake. Aliiweka kila mara Shankri alipokuja, maana mgeni haachwi bila maji, na kila mara aliiondoa imejaa. Safari hii hakurudi ndani. Alikuwa amesikia yote.

"Mama," alisema, "unajua watoto wangu wanadhani bibi yao hasikii kiu?"

"Promila, si sasa."

"Lini basi? Kila mtu anakunywa maji katika nyumba hii. Mtu wa posta anakunywa. Fundi umeme anakunywa. Mchunga mbuzi akipita anapiga hodi, anapewa. Wewe unakaa hapa mdomo umekauka, na chupa yako mfukoni, na mimi nasimama jikoni nimeshika sinia kama mjinga. Niliolewa, Mama. Sikufa." Akaibana sinia kifuani. "Naona aibu ukija. Nakungoja mwezi mzima, halafu ukija naona aibu. Nilikuwa sijasema na sasa nimesema."

Gangi aliacha kuchagua dengu.

Kuna jambo Shankri alikuwa amelifungia mbali siku nyingi, nalo sasa likafunguka lenyewe. Alipomzaa Hemant, mama yake mzazi alikuja kumwona kwa miguu, akipita migongo mitatu ya mlima katika jua la Juni. Alifika midomo imepasuka. Alimpakata mtoto, akamwimbia, akakataa maji, na alipoaga Shankri alimfuata kwa macho kutoka dirishani hadi kwenye kijito nje ya mpaka wa kijiji, ambako yule mama alipiga magoti na kunywa kwa mikono miwili, akanywa na kunywa. Shankri alilia siku ile mtoto akiwa kifuani. Aliapa kwamba yeye hatamfanyia hivi binti yake. Kisha akawa na binti, binti akaolewa, na kiapo kikapotea mahali fulani kati ya sifa za majirani.

Ilimuuma. Ilimuuma kama mama na ilimuuma kama binti, na hakujua ipi inazidi.

Alichukua glasi akanywa. Hakuonja tu ili ihesabike, alikunywa yote hadi mwisho, akaiweka chini. Gangi alikuwa ameinamia ungo wake kama aliyeona jiwe kwenye dengu.

"Yana ladha gani?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ya bomba," alisema Shankri.

Wakacheka, kwanza kidogo, kisha sana, mpaka Mehar Chand akaliacha tairi lake na kuja kuuliza kuna nini, asijibiwe. Promila aliingia ndani mbio. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na mkononi alikuwa na sahani ya siddu, mikate ya mvuke iliyojazwa kokwa za jozi, samli inachuruzika pembeni, na hakuna aliyemwuliza Shankri kama atakula. Alikula mitatu. Ule mkate wake wa kitambaani alipewa ng'ombe wa Gangi, na Gangi, lazima asemewe, hakulitumia neno lililomjia. Lilionekana likipita usoni mwake, akalimeza.

"Sasa njoo ukate kabla jua halijapanda," alisema, akijifuta mikono. "Na ukate kwa adabu."

Hawakukata kwa adabu. Waligombana kwenye kila mti. Shankri alitaka tawi lenye maua yaliyofunguka na matumba yanayokaribia, ili lidumu siku mbili tatu kwenye maji. Gangi aliona kila tawi zuri ndilo Shankri anamwibia umbo la mti. "Huko siko, mkwe, unanitia upara." "Mti huu haujapogolewa tangu kuumbwa." "Unazaa au hauzai?" Ndoo zikajaa. Nyuki kadhaa walikataa kuyaacha maua yao wakapanda gari pamoja nao. Promila naye akapanda, amejifunga kitambaa kichwani kama wafungavyo wanawake wanaokwenda kazini. Tangu aolewe alikuwa akifika Panjali kama mgeni wa sikukuu, anakaa kwenye zulia na kuletewa chai. Siku ile alivua viatu vizuri, akavaa vya mama yake.

Walitundika chupa mchana kutwa. Chupa za maji, za soda, za mafuta ya kupikia, kila kitu Panjali ilichokuwa nacho, zimekatwa shingo na kufungwa kwa kamba kwenye matawi, na katika kila moja shada la Golden. Shamba lilionekana kama limeanikwa nguo za kichaa. Mehar Chand alipanda ngazi, akateremka, akatoa amri zisizosikilizwa. Mchana ule ulikuwa wa joto, joto lilelile lililoleta matata, na mara hii moja lilikuwa na faida, maana nyuki hawakupumzika. Shankri alisimama chini ya mti mmoja akamfuata nyuki kwa macho: akaingia kwenye ua la Golden ndani ya chupa, akajigaragaza, akatoka amevaa vumbi la njano miguuni, akatua kwenye ua la Royal hapo hapo jirani.

"Mwone," alimnong'oneza Promila. "Mwone mwenye akili."

Siku iliyofuata walibadilisha mashada, na iliyofuata tena, Gangi akitoa matawi na matusi kwa kipimo kilekile. Ngazi za juu kabisa hawakuzifikia vizuri. Kisha petali zikaanguka, shamba likawa jeupe chini na la kijani juu, Promila akarudi kwake, na ikabaki kungoja.

Kungoja huku kila mkulima wa tufaha anakujua. Ua likishaanguka hubaki kifundo kidogo chenye manyoya. Kama hakikupata kitu hugeuka manjano, kikonyo hulegea, ukigusa tawi kinakuachia mkononi. Kama kimepata, hunenepa na kujiinua. Shankri alivaa miwani yake akapanda shamba kila asubuhi, na siku hizo hakuisema miti hata kidogo. Aliona haya kuitazama sana. Ngazi za juu vifundo vilidondoka vingi, akaviacha vidondoke. Za katikati na za chini, penye mashada, aligusa tawi na halikuachia kitu. Akagusa jingine. Akashika tunda moja dogo katikati ya vidole, gumu, limeng'ang'ania, akakaa chini kwenye majani na kulia kwa raha zake, maana palikuwa hapana mtu.

Alipomaliza alimpigia simu Hemant.

"Hicho chumba usininunulie godoro," alimwambia.

"Mama? Kuna nini?"

"Yameshika. Si yote. Ya kutosha."

Hemant akacheka, kicheko cha mtoto wa shule aliyesikia hakuna mtihani, na Shankri akatambua kwamba mwanawe naye alikuwa halitaki lile dirisha kwa ajili yake. "Basi wakati wa kuchuma nitakuja," alisema Hemant. Alikuja kweli, akaumwa mgongo, akalalamika kila siku. Yalikuwa mavuno ya wastani. Shankri aliyaona makubwa.

Majira ya baridi yaliyofuata hayakuwa bora. Theluji ilikuja kidogo, ikaondoka mapema, na Februari haijaisha watu walikuwa wanakaa nje bila makoti. Hakuna kati yetu awezaye kuiamrisha mbingu. Shankri alikuwa ameshaamua kwamba hatategemea jirani tena, wala ndoo. Aliteremka Serighat na kisu chake kikali, akalala huko siku mbili, akarudi na mafungu ya vijiti vya Golden vimeviringishwa kwenye gunia bichi. Kisha akachagua kwenye kila ngazi mti mmoja wa Royal, akaukata tawi moja lenye afya, na kubebesha kijiti cha Golden hapo, ngozi kwa ngozi, akafunga kwa utepe na kuziba kwa nta. Kijiti kikishika, mti uleule utakuwa na maua yote mawili mwilini mwake, na jua likiuamsha mapema utaamka wote.

Mehar Chand alikuja kusimama nyuma yake, mikono mgongoni.

"Shemeji, nimeudhika," alisema. "Golden zangu ziko hapo ukutani. Mbona hukuja kwangu?"

"Zako zinalala sana."

"Basi hivi umevinunua wapi?"

Shankri alikuwa anamalizia kufunga utepe. Barabarani chini ya shamba wanawake watatu walikuwa wanapita na mizigo ya kuni mgongoni, watu wa rika lake, wale ambao tangu usichana wao wamekuwa wakijua nani kaenda kwa binti yake na karudi na nini. Aliwaona. Angeweza kujibu polepole, Mehar Chand alikuwa karibu. Alisimama wima, akajinyoosha kiuno, akajibu kwa ile sauti yake ya kusemea miti.

"Sikununua. Nimepewa na binti yangu."

Wanawake wakasimama. Wawili walitazamana. Wa tatu, mwenye mabinti watatu walioolewa mbali, alitua mzigo wake wa kuni ukingoni mwa barabara.

"Na maji ulikunywa?" aliuliza kutoka chini.

"Nilikunywa," alisema Shankri, "nikaomba na ya pili."

Yule mwanamke alikaa juu ya kuni zake, akatazama njia iteremkayo bondeni, na wenzake ikabidi wamngoje.